Mguu Unapohitaji Akili: Mwendo wa Mgonjwa wa Parkinson

Ndugu zangu, wengi wenu mnaishi na mzee mwenye Parkinson, kwa hiyo hili mmeliona. Anatoka chumbani, anakwenda vizuri tu. Mtu anamwuliza, "Baba, dawa umekunywa?" Anasimama kwanza, ndipo anajibu. Nyumbani husemwa ni uzee. Kumbe ubongo wake umelazimika kuchagua: kujibu au kutembea.

Sisi wengine hatuzifikirii hatua zetu. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu zinazoendesha miguu kwa mazoea, mradi zipate dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni. Ugonjwa huu, ambao daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817, huua polepole seli zinazoitengeneza. Mazoea yakivunjika, kazi huhamia sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kupanga na kuamua. Watafiti wamewavisha wagonjwa kifaa kichwani kinachopima oksijeni kwenye damu ya sehemu hiyo, wakaikuta ikihangaika hata mgonjwa anapotembea kimya kimya. Mwambie sasa ahesabu kurudi nyuma, saba saba, kuanzia mia. Hatua zinafupika, hazilingani tena, na hapo ndipo watu huanguka.

Mtazameni pia anapofika mlangoni. Visigino vinainuka, magoti yanatetemeka, nyayo zimeganda sakafuni, na mwili wa juu unaendelea mbele. Msimvute mkono! Bandikeni utepe wa rangi sakafuni, mstari kwa mstari, avuke kila mmoja kwa hatua moja. Wengi huvuka, kwa sababu jicho limeupa ubongo njia nyingine ya kuamrisha mguu.

Levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, husaidia, lakini haimalizi yote. Mwaka 2016 watafiti wa Bristol, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 130: rivastigmini, dawa tuliyozoea kuwapa wenye matatizo ya kumbukumbu, ilituliza hatua na kupunguza kuanguka. Lilikuwa jaribio moja tu, ila kwangu linasema wazi kwamba mwendo na akili vitibiwe pamoja.

Nyumbani, basi, swali lingoje mpaka mzee aketi. Nanyi wenzangu wa kliniki, msimpime akitembea kimya kwenye korido tu. Mpimeni huku akijibu maswali, maana barabarani ataangalia bodaboda, atashika chenji na kuitikia salamu kwa wakati mmoja.