Pampu ya Maji Imekufa Taru

SAUMU: Asalaam aleikum, karibuni. Mimi ni Saumu, kazi yangu ya mchana ni kupanga safari za malori pale Miritini. Niko na Ami Bakari, fundi wa magari makubwa huko Changamwe. Ami, leo tunazozana.

BAKARI: Aleikum salaam. Tuzozane tu mwanangu, mradi chai ipo.

SAUMU: Ipo. Haya, dereva ananipigia simu, yuko Taru, njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na kontena la kwenda Malaba mpakani, anasema gari limechemsha, pampu ya maji, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, imekufa. Mimi moyo wangu wote uko kwa gari la kuvuta. Wewe watu wako wanabeba spana na pikipiki, wanaenda kubadilisha pale pale kando ya barabara.

BAKARI: Wanaenda, lakini si kabla hatujajua nani kasema ni pampu. Gari kuchemsha ni jambo moja, na pampu kufa ni jambo jingine. Huenda mkanda unaozungusha pampu umekatika, paipu ya chini imepasuka, feni haishiki, au rejeta, ile inayopoza maji, imeziba kwa nje, vumbi na vidudu vimejaa kwenye mapezi.

SAUMU: Sasa dereva atajuaje, naye amesimama juani?

BAKARI: Aanze kwa kutofungua kifuniko cha rejeta. Maji matupu yanachemka nyuzi 100, lakini kifuniko kile kinayabana yapite hapo bila kuchemka. Ukifungua yakiwa moto, mbano unaondoka, yanaruka mvuke kwa mpigo mmoja, na uso wako uko juu yake. Nimeona mikono na vifua vilivyobabuka kwa haraka hizo. Na akiisha kufungua asitie maji baridi kwenye injini ya moto, hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupasuka.

SAUMU: Kwa hivyo angoje.

BAKARI: Angoje. Wakati anangoja, aweke laifseva, zile pembetatu nyekundu za tahadhari, nyuma na mbele, mbali, si hatua tatu kutoka kwa trela. Matawi ya miti pia aweke, kila dereva wa njia ile anayaelewa. Injini ikipoa, atazame chini ya tumbo la pampu. Pana kitundu kidogo pale, kimewekwa makusudi. Sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Akiona njia ya maji, au ukoko mweupe ama wa kijani uliokauka, sili imekwisha. Kisha mkanda ulegezwe, ashike pulei, gurudumu la pampu linalopitiwa na mkanda, aitikise. Ikicheza, au ikizungushwa inakwaruza, beringi imekufa. Hapo sasa ninaamini ni pampu.

SAUMU: Na maji yakiwa yanapungua bila kuvuja popote?

BAKARI: Vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na hiyo si kazi ya barabarani. Hapo gari lako la kuvuta nalikubali kwa mikono miwili. Ila kuna moja linawapoteza mafundi wengi. Injini inanguruma, kwenye tangi la maji mapovu yanatoka mfululizo. Watu wanasema hedigasketi, sili iliyo chini ya hedi, imeungua, hedi inashushwa, pesa zinaliwa, mapovu bado yapo.

SAUMU: Yanatoka wapi?

BAKARI: Kwenye kompresa ya upepo wa breki! Malori mengi, kichwa cha kompresa kinapozwa na maji yale yale ya injini. Gasketi yake ikivuja, upepo unasukumwa kwenye maji. Pampu inabaki inapiga hewa, haisukumi kitu. Nayo pampu ndiyo inalaumiwa, masikini.

SAUMU: Haya, tuseme ni pampu kweli. Kwa nini nisivute tu?

BAKARI: Unaweza. Lakini pampu nyingi zimeshikwa na boliti chache tu, usoni mwa injini, na fundi anayeijua ile injini anaitoa na kuirudisha bila gereji. Ninachouliza mimi ni gari limesimama wapi. Likiwa sawasawa, pana nafasi ya kusimama, sawa. Likiwa limelala ubavuni mwa barabara, au kwenye mlima wa Mazeras na mzigo nyuma, sikubali kuinua kebini ili kuifikia injini iliyo chini yake. Kebini likirudi, halikuulizi jina.

SAUMU: Na madereva wetu wanaishi humo. Sufuria, jiko, thamosi...

BAKARI: Ukiinua bila kutoa vitu, vyote vinakimbilia kioo cha mbele. Ukienda kubadilisha pampu utajikuta unanunua na kioo.

SAUMU: Nieleze kazi yenyewe, lakini si boliti kwa boliti.

BAKARI: Mkanda upige picha kwa simu kabla hujautoa, ujue unapita wapi. Boliti hazilingani urefu, kwa hiyo toboa kipande cha katoni, uzichomeke kwa mpangilio ule ule. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, unapasua kitu. Halafu linganisha pampu mpya na ile kuukuu kabla hujaifunga. Usitazame boksi, boksi linaweza kuchapwa na yeyote. Tazama mapezi ya ndani, yameinama upande gani? Kuna injini mkanda unaizungusha pampu kwa mgongo, inazunguka kinyume. Pampu ya injini ndugu yake, isiyozunguka kinyume, itakaa vizuri kabisa kwenye boliti na haitasukuma maji inavyotakiwa.

SAUMU: Hilo lingenimaliza. Na silikoni ya kuzibia?

BAKARI: Nyinyi mnaipenda silikoni! Kama pampu ina ringi ya mpira, ipake kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, kidogo, basi. Silikoni ikizidi inavimbia ndani, inakatika, inasafiri hadi kwenye vijibomba vya rejeta. Uso wa injini usafishe mpaka ung'ae, boliti uzikaze kwa kuvuka, huku na kule, si kwa kuzunguka.

SAUMU: Mimi nina swali la uchungu. Mbona pampu hizi zinakufa mapema hivi? Tunanunua, tunafunga, zinarudi.

BAKARI: Mnatia nini kwenye rejeta?

SAUMU: Maji, Ami.

BAKARI: Maji ya wapi?

SAUMU: Ya kisima cha yadi.

BAKARI: Haya basi. Visima vyetu vingi kisiwani Mombasa na kandokando vina chumvi, hata chai unaijua kwa ulimi. Chumvi ile inakula alumini na chuma, chokaa inashika kuta, na punje zake zinasaga sili ya pampu. Kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa si anasa. Inachelewesha kuchemka, inazuia kutu, na inalinda slivu za dizeli, kuta zile pistoni zinamopita, zisitobolewe na vipovu vya mtetemo. Bosi wako anabana pesa ya kulanti halafu analipa pampu, gari la kuvuta na siku za kuchelewesha kontena. Rahisi ghali.

SAUMU: Nitamchezea kipindi hiki ofisini.

BAKARI: Mchezee. Na kulanti kuukuu msiimwage chini, ile ina utamu na ni sumu, mbuzi wa watu wa Taru wanainywa. Kinga kwa mtungi.

SAUMU: Kujaza je?

BAKARI: Polepole, hita ya kebini ikiwa kwenye moto, tundu la kutolea hewa likiwa wazi. Washa injini, ngoja themostati, ile vali inayofungua njia ya rejeta maji yakipata moto, ifunguke, kiwango kitashuka, ongeza. Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha tena kabla halijafika Mackinnon Road hapo mbele, na dereva atasema pampu mpya ni mbovu.

SAUMU: La mwisho, msikilizaji anauliza: taniboi wake, msaidizi wa dereva, ametoa themostati kabisa na gari linaenda poa. Aiache hivyo?

BAKARI: Airudishe. Kwenye injini nyingi kubwa, ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta, kwa hiyo mlimani linaweza kuchemsha zaidi. Na likipanda Timboroa, kule juu milimani, usiku kwenye baridi ile, injini haipati joto, dizeli inaliwa, slivu zinalika. Anunue mpya, na kabla hajaifunga aitie kwenye sufuria ya maji moto aone kama inafunguka.