Msiende Darajani Saa Sita: Maneno ya Usiku wa Kuamkia Safari ya Quanzhou

Karibuni, kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Kamati ya safari imenipa nusu saa niwaeleze vivutio vya Quanzhou, mji wa bandari kusini-mashariki mwa China. Nimeisoma ratiba yao. Vituo vinane kwa siku moja, na Daraja la Luoyang limepewa dakika ishirini, saa sita mchana. Mwaka jana lilipewa dakika ishirini, saa sita mchana. Mwaka juzi vilevile. Kila mwaka nalisema jambo hili, wananiitikia "sawa mwalimu", na kila mwaka basi linafika pale saa sita mchana. Kwa hiyo vivutio mtavisoma kwenye simu zenu. Mimi usiku huu nitazungumzia maji.

Nani hapa amezaliwa pwani? Mikono juu. Tanga, Lamu, Mtwara... na wewe? Uvira! Baba, ziwa halina kupwa, shusha mkono, lakini sikiliza kwa makini zaidi kuliko hawa.

Kesho mwezi ni wa ngapi? Kumi na tano. Wana wa pwani, mwezi kumi na tano ni nini? Bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mnajua. Sasa mbona mkifika China mnasahau kwamba bahari ni ileile? Katika ghuba ya Quanzhou, siku za bamvua maji yanajaa kabisa mchana, karibu na hiyo saa sita ya kamati, kisha yanapwa mpaka jioni. Kati ya kujaa na kupwa yanashuka zaidi ya mita nne. Ukifika saa sita utaona njia ndefu ya mawe juu ya maji, utapiga picha, utarudi kwenye basi. Kazi yenyewe ya wale watu iko chini ya maji, na hutaiona.

Niwaeleze ilivyokuwa. Hii si Luoyang ile ya kaskazini, mji mkuu wa kale. Huu ni mto mdogo unaoingia baharini upande wa mashariki wa Quanzhou. Zamani palikuwa na kivuko kiitwacho Wan'an. Mto unashuka, bahari inapanda, vinakutana palepale, na upepo juu yake. Mwenye kuvuka alivuka kwa dua. Mwaka 1053, enzi ya Song, wakaanza kujenga daraja la mawe, wakamaliza 1059. Mkuu wa jimbo aliyekuwapo lilipokamilika ni Cai Xiang, mtu ambaye Wachina mpaka leo wanamhesabu miongoni mwa mabingwa wa mwandiko.

Jiulizeni mngefanyaje. Chini ni tope, ukichimba linajaa tena. Mara mbili kila siku maji yanakuja na kuondoka. Huna saruji. Chokaa ukiiweka inasombwa kabla haijashika. Hawakuchimba. Walileta mawe kwa vyombo wakayamwaga mtoni, kufuata mstari wote wa daraja kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, mpaka chini ya maji pakawa na tuta la mawe. Juu ya tuta wakapanga nguzo, mawe marefu yakipishana, na upande unaopokea maji ya mto wakazichonga zikachongoka kama omo ya jahazi.

Lakini mawe yaliyopangwa tu hayajashikana. Hapo ndipo nawataka mnisikilize. Wakapanda chaza.

Chaza, ndugu zangu. Mama yangu, Mafia, alikuwa akishuka na maji ya bamvua na kisu kifupi, na mimi nyuma na kikapu. Mliowahi kubandua chaza mnajua: ganda la chini halitoki. Mwamba unakatika kipande, ganda limebaki limeng'ang'ania. Chaza akiwa mchanga kabisa huelea na maji, anatafuta kitu kigumu, akikipata anajigandisha pale, na hahami tena maisha yake yote. Mwingine anakuja kujigandisha juu ya ganda lake, na mwingine juu ya huyo. Waacheni miaka kadhaa juu ya lundo la mawe, na lundo linakuwa mwamba mmoja. Wale watu waliwaweka chaza kwenye misingi ya daraja kwa makusudi, na historia ya utawala wa Song imeliandika jambo hili waziwazi. Baadaye ikatoka amri kwamba haruhusiwi mtu kuwabandua. Fikiria sheria inayomlinda chaza kwa sababu chaza ndiye fundi!

Na yale mawe ya juu, yanayokanyagwa? Mihimili ya matale, kila mmoja tani kadhaa. Waliipakia kwenye vyombo, wakangoja maji yajae, wakavisukuma mpaka katikati ya nguzo mbili, wakashika kamba, wakangoja tena. Maji yakipwa, chombo kinashuka, jiwe linakaa mahali pake. Bahari iliyokuwa ikiwazamisha kivukoni ndiyo iliyowabebea mizigo.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mwalimu, mimi nasoma famasia, daraja la nini, na kwetu Kigamboni lipo. Lipo, na mimi nalipenda. Daraja la Nyerere lina mita 680 na lilifunguliwa 2016. Hili, baada ya karne karibu kumi za tufani, matetemeko, vita na matengenezo mengi, lina zaidi ya mita 700 na watu wanapita kwa miguu. Lakini sishindanishi urefu. Wewe uliyekua ukisubiri pantoni unajua daraja ni nini kuliko mtalii yeyote atakayesimama pale. Cai Xiang aliandika kwamba watu wakaacha vyombo wakatembea, hatari ikageuka salama. Msomee maneno hayo mtu wa Kigamboni, hatahitaji mfasiri.

Na mkifika upande wa kusini ingieni kwenye hekalu la kumkumbuka huyo Cai Xiang. Kuna jiwe la maandishi yake, herufi 153 tu kuhusu kazi ya miaka sita na zaidi. Anataja lini lilianza na lini likaisha. Njia za maji 47. Urefu, upana. Sarafu milioni 14, na kwamba zilitokana na michango ya watu. Anawataja kwa majina waliosimamia kazi, na watawa wa Kibuddha wamo. Mwishoni ndipo anapojitaja mwenyewe, kwamba daraja lilipokamilika aliandaa muziki na karamu. Kila ninapolisoma nayafikiria mabamba ya uzinduzi kwetu, jina la mgeni rasmi kubwa kuliko yote na la fundi halipo. Napata uchungu, na siuonei haya uchungu huo.

Pingamizi la pili, hili nalisikia kila mwaka: tumekuja kuiona China, mbona unatutafutia pwani yetu humohumo? Siitafuti, ninaikuta. Mwaka 1225 ofisi ya biashara ya baharini ya Quanzhou ilikuwa chini ya ofisa aliyeitwa Zhao Rugua. Hakusafiri kwenda nchi za mbali. Alikaa bandarini akawauliza mabaharia na wafanyabiashara, akaandika. Akaandika habari za nchi iitwayo Cengba, na wanazuoni wanaitambua kuwa ni pwani ya Zanji, Zanzibar na jirani zake. Anasema watu wake wanafuata dini ya Waarabu, wanajifunga nguo za buluu, wanavaa viatu vya ngozi nyekundu. Wanakula mikate na nyama ya kondoo. Nchi inatoa pembe, dhahabu, ambari na sandali, na kila mwaka vyombo vya Gujarati na vya Waarabu huenda kule na nguo, shaba na vyombo vya kauri.

Viatu vyekundu! Mtu mmoja bandarini aliuliza "wanavaa nini?", na kwa sababu aliuliza, leo tunajua. Nyinyi mna simu, mna Kichina cha miaka miwili mitatu, na mwaka jana hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule mzee anayevua chini ya daraja swali lolote. Walimwomba asogee, wapige picha.

Ukienda Kilwa Kisiwani utaokota kwa macho vipande vya vyombo vya China. Nasema kwa macho, msichukue. Kwenye makaburi ya Kunduchi bakuli zao zilipachikwa kwenye mnara. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na katika miaka ya 1340 akafika Quanzhou, akaiita Zaitun, akasema bandari yake ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mtu mmoja, macho mamoja, miji yote miwili. Hatubabaishi tunapotafuta uhusiano.

Naona mtu wa kamati ananionyesha saa. Haya, haraka.

Meli iliyofukuliwa Houzhu, bandari ya Quanzhou, mwaka 1974: mbao zake mtaziona kwa macho. Ilizama ikirudi nyumbani mwishoni mwa enzi ya Song, ikiwa na vyumba 13 vilivyotengwa ili tobo moja lisiizamishe yote. Ndani kulikuwa na miti ya manukato, pilipili manga, ubani, ambari, kauri za baharini. Angalieni shehena kabla ya mbao.

Msikiti wa Ashab: ulijengwa mwaka 400 Hijria, yaani 1009, na ukakarabatiwa 1310 na mtu wa Shirazi. Wa Kizimkazi someni herufi za pale na mkumbuke msikiti wenu, maandishi yake ni ya mwaka 500 Hijria. Mlima Jiuri: maofisa walipanda kuomba upepo kwa ajili ya meli, na maandishi kumi ya dua hizo, ya kuanzia 1174 hadi 1266, yamechongwa mwambani. Anayejua kusi na kaskazi haelezwi zaidi.

Xunpu, kijiji cha wavuvi: mabinti, najua mnataka maua ya kichwani. Vaeni, yanapendeza. Lakini mkishavaa, tazameni kuta za nyumba, zimejengwa kwa makombe makubwa ya chaza. Wenyeji husimulia kwamba yaliletwa na meli za masafa kama farumi, uzito wa kutuliza chombo. Waulizeni kina mama wa pale walivyosikia kwa bibi zao. Hekalu la Kaiyuan nililitengea dakika tano, sinazo tena. Minara yake miwili ya mawe haifichiki.

Sasa mabadiliko, na haya nimeshayamaliza na dereva, kamati mnisamehe. Asubuhi msikiti na makumbusho. Saa sita tunakula. Saa kumi na nusu tunafika darajani, na hatuondoki mpaka saa kumi na mbili, maji yakiwa chini, mikoko imesimama kwenye tope kama ya Rufiji na misingi yote iko wazi. Njooni na viatu visivyoogopa tope. Kila mmoja aje na swali moja la Kichina, ameshalifanyia mazoezi, la kumuuliza mvuvi.

Na chaza wa darajani msimguse. Mwenye hamu naye, mjini wanamkaanga kwa mayai na unga wa viazi vitamu, nitawaonyesha duka.