Ontolojia Moja, Grafu Tatu: Kuongoza Uundaji wa Modeli kwa Mtiririko wa Kazi

Ndugu wasikilizaji, tuanze na rekodi moja fupi ya makumbusho: "Chungu cha udongo. Kilifinyangwa kati ya 1880 na 1900. Kilipokelewa 1962 kutoka kwa familia ya mfinyanzi." Wape watu watatu waiandike kama grafu, yaani data ya vitu vilivyounganishwa kwa uhusiano, kwa CIDOC CRM, ontolojia (msamiati rasmi wa aina za vitu na uhusiano wao) ya urithi wa utamaduni ambayo tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa, ISO 21127. Humo E ni alama ya klasi, yaani aina ya kitu au tukio, na P ni alama ya uhusiano. Tuseme wote watatu wanaifahamu vizuri. Wa kwanza ataunganisha chungu na udongo moja kwa moja kwa uhusiano P45, kwamba kitu kimeundwa kwa malighafi fulani. Wa pili ataanzisha tukio la utengenezaji, E12, kisha aseme tukio hilo lilitumia udongo, yaani P126. Wa tatu ana haraka. Atalitia neno "udongo" kwenye maelezo ya kawaida, P3, basi.

Hakuna aliyevunja kanuni hata moja ya ontolojia. Lakini mtafiti akija na SPARQL yake, lugha ya kuiuliza grafu maswali, na kuomba vitu vyote vya udongo kupitia P45, atapata vyungu vya mtu wa kwanza tu, wala hataonywa kwamba vingine vimebaki nje. Atahesabu alichopata na kuandika ripoti.

Wengi hudhani injini ya mantiki, programu inayotoa hitimisho kutokana na ontolojia na data, italiona hilo: unapakia ontolojia kwenye Protégé, programu ya kuhariri ontolojia, unabonyeza, makosa yanajitokeza. Haiwi hivyo, na kosa si la injini. RDFS na OWL, lugha za kuandikia ontolojia, zimesimama juu ya dhana ya ulimwengu wazi, ambamo jambo lisiloandikwa halihesabiwi kuwa si kweli, bali halijajulikana. Chungu kisicho na tarehe, kwa macho ya injini, ni chungu ambacho tarehe yake haijafika. Tena, klasi zilizowekwa kwa kiima na yambwa ya uhusiano hazizuii kitu, zinazaa hitimisho. P14, "ilifanywa na", kiima chake ni shughuli, E7. Mtu akiteleza akaandika kwamba chungu P14 mfinyanzi, injini itahitimisha kuwa chungu ni shughuli na kusonga mbele. Maelezo ya CRM yanasema wazi kwamba matukio na vitu vinavyodumu havichangamani, ila faili yake ya RDFS haibebi katazo hilo, kwa sababu RDFS haina msamiati wa kutenganisha klasi. Ukilitaka, uliongeze mwenyewe kwa owl:disjointWith.

Hata idadi ina mtego wake. Ukitangaza kwa OWL kwamba chungu kina mtoaji mmoja tu, kisha data ikaleta watoaji wawili wenye URI (vitambulisho) tofauti, injini itahitimisha kwamba wawili hao ni mtu mmoja, maana OWL haichukulii kuwa URI mbili ni vitu viwili. Kosa dogo la kunakili linawafungisha ndoa watu wasiojuana, na kuanzia hapo kila lililosemwa juu ya mmoja limesemwa juu ya mwingine.

Kinachokosekana basi kipo kati ya ontolojia na mtu anayeingiza data. Ni mtiririko wa kazi: maswali yaliyopangwa hivi kwamba kila jibu linakupeleka kwenye swali linalofuata, na mwisho wa kila njia pana kiolezo cha grafu, kimoja, si viwili vya kuchagua.

Kuujenga huanza kabla ya kuifungua ontolojia. Andikeni maswali ambayo data lazima iyajibu, kwa lugha ya kawaida na kwa SPARQL, kila swali mara mbili. Kumi na tano hivi yanatosha kuanzia. Swali la vitu vya udongo likiwa kwenye orodha, ule mjadala wa P45 na P126 umeshapata hakimu: malighafi huandikwa kwenye kitu, kwa sababu huko ndiko itakakotafutwa. Si kwamba P126 ni mbaya. Mradi unaochunguza mbinu za ufinyanzi ungechagua kinyume, na ungekuwa sawa.

Kisha maswali ya njiani. Hapa ndipo mitiririko mingi hufa, kwa kuwa huandikwa na wataalamu wa ontolojia kwa lugha yao. Usimuulize mwingiza data, "Hii ni E8 au E10?" Muulize, "Rekodi inasema umiliki ulihama, au inasema tu kitu kilipokelewa?" Rudini kwenye rekodi yetu: "kilipokelewa 1962". Neno hilo halithibitishi umiliki. Familia huenda ilitoa zawadi, huenda iliazima. Lenye hakika ni kwamba chungu kilitoka mikononi mwa familia kikaingia mikononi mwa makumbusho. Njia inaishia kwenye E10, kuhama kwa utunzaji: P30 kwa chungu, P28 kwa familia iliyotoa, P29 kwa makumbusho yaliyopokea. E8, yaani kupata umiliki, haiundwi mpaka hati ionekane. Maneno ya rekodi yenyewe yanahifadhiwa kwenye P3, ili atakayekuja baadaye aone hitimisho letu limetoka wapi.

Kila swali liwe na milango miwili ya ziada, na isichanganywe. "Rekodi haisemi" humpeleka mtu kwenye kiolezo hafifu zaidi, kama hicho cha E10. "Hakuna jibu linalofaa" husimamisha rekodi na kuipeleka kwenye foleni ya msimamizi wa modeli. Mlango wa pili ukikosekana, watu watachagua jibu lililo karibu, kimya kimya, na hutajua kamwe kwamba ontolojia yako ina pengo.

Tarehe nazo zinataka amri, si ushauri. "Kati ya 1880 na 1900" inakuwa E12, kisha P4 hadi kipindi E52, na juu yake P82a, mwanzo wa mapema kabisa, 1880-01-01T00:00:00 na P82b, mwisho wa kuchelewa kabisa, 1900-12-31T23:59:59. Maana yake ni kwamba ufinyanzi ulifanyika mahali fulani ndani ya mipaka hiyo, si kwamba ulichukua miaka yote hiyo. Na "takriban 1900" je? Mtiririko utaje miaka mingapi huongezwa kila upande. Mitano, kumi, chagueni. Bila namba kila mtu atakuwa na takriban yake.

URI nazo zitengenezwe kwa kanuni, kutokana na namba ya rekodi: kitu/1234, kitu/1234/utengenezaji. Ukitumia nodi (vitu ndani ya grafu) zisizo na jina au vitambulisho vya kubahatisha, ukiingiza faili ileile mara mbili, chungu kimoja kitakuwa kimefinyangwa mara mbili. Kabla ya kuunda URI ya mtu au mahali, hatua ya kutafuta iliyopo iwe ya lazima. Na owl:sameAs, kauli kwamba URI mbili ni kitu kimoja, isiwe kitufe cha kila mtu. Kwa istilahi zinazolingana kuna skos:exactMatch, ambayo haiunganishi kila kauli ya huku na ya kule.

Baada ya kiolezo huja ukaguzi, na chombo chake ni SHACL, lugha ya kueleza masharti ya grafu, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2017. Hii hukagua grafu iliyopo mbele yake; kisichoandikwa kinahesabiwa hakipo. Kila kiolezo kiwe na umbo lake la SHACL, na vyote viwili vizalishwe kutoka faili moja, la sivyo vitaachana. Kwa chungu chetu: tukio moja la utengenezaji, si pungufu wala zaidi, P45 angalau moja, yenye thamani ya E57, klasi ya malighafi, na kwenye utengenezaji, P126 iwekewe sh:maxCount 0, yaani isiwepo kabisa. Ujumbe wa sh:message uandikwe kwa ajili ya mwingiza data: "Malighafi iandikwe kwenye kitu, si kwenye tukio."

Kuna mitego mitatu hapa. Umbo linalolenga klasi ambayo haimo kwenye grafu hupita bila kelele. Grafu tupu hufaulu kila mtihani. Kwa hiyo hesabuni pia ni nodi ngapi zilikaguliwa. Pili, SHACL hutambua klasi ndogo pale tu kauli za rdfs:subClassOf zimo ndani ya data inayokaguliwa, basi pakieni ontolojia pamoja nayo. Tatu, kagueni kabla ya kuendesha injini ya mantiki. Ukichelewa, hitimisho litakuwa limejaza klasi zilizokosewa, na chungu kilichogeuka shughuli kitapita kikiwa na cheti.

Mtiririko wenyewe nao hujaribiwa. Chukueni rekodi ishirini, wapeni watu wawili wasioshauriana, kisha linganisheni grafu. Wakiachana kwenye swali fulani, rekebisheni swali kwanza kabla ya kumfundisha mtu.

Na mkishalibadilisha swali, mna deni. Rekodi zilizopita njia ya zamani bado zimo humo, na sasa mna vizazi viwili vya modeli. Kila rekodi ibebe namba ya toleo la mtiririko ulioizalisha. PROV-O, ontolojia ya asili ya data, ina nafasi ya taarifa hiyo, kwa kuutaja mtiririko kuwa mpango uliofuatwa. Kiolezo kipya kisitoke kabla hati yake ya SPARQL ya kufuta umbo la zamani na kuandika jipya haijaendeshwa kwenye nakala ya data, na SHACL mpya haijakubali matokeo. Rekodi ambazo hati haiwezi kuzigeuza, kwa mfano zile zenye "udongo" ndani ya maelezo tu, zinarudi mwanzo wa maswali kwa mkono, moja moja.