Shujaa wa Mtaa Mmoja: Kwa Nini Daredevil Inatushika

Haya wakubwa zangu, vijana, na kina mama mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele kidogo viti bado vipo. Asanteni kwa kuja, najua ni Jumamosi na mpira unachezwa. Leo naongea juu ya sirizi moja tu, Daredevil, ile iliyotoka Netflix tarehe 10 Aprili 2015, episodi 13, ambayo wengi wetu hapa Kampala tuliipata kwa fleshi, unaipeleka kwa jamaa wa laibrari pale mtaani anakujazia sizoni nzima unarudi nayo nyumbani.

Kwa ambaye hajaiona: Matt Murdock ni wakili, ni kipofu, macho yaliharibika utotoni alipomsukuma mzee mmoja asigongwe na lori, kemikali zikamwagika zikamwingia machoni. Masikio yake na pua yake vikawa vikali kupita vya binadamu wa kawaida. Mchana anatetea maskini mahakamani na rafiki yake Foggy Nelson, usiku anafunga kitambaa cheusi usoni anatoka kupigana. Na hapiganii dunia. Anapigania Hell's Kitchen, mtaa wa kweli kabisa huko Manhattan, New York, upande wa magharibi, mtaa ambao unaweza kuuvuka kwa miguu.

Sasa mimi ninachotaka kusema ni hiki, sirizi hii inatushika kwa sababu kila kitu ndani yake kina gharama na unamwona anayeilipa. Filamu kubwa za mashujaa mji mzima unaanguka na hujui hata jina moja la mtu aliyekuwa ndani ya nyumba. Hapa unajua.

Chukueni episodi ya pili. Matt ameokotwa kwenye pipa la takataka akiwa amepigwa vibaya, nesi mmoja anaitwa Claire anamshona sebuleni kwake, mbavu zimevunjika, hata kusimama ni shida. Lakini yule mtoto aliyetekwa, aliyekuwa akimtafuta mpaka akapigwa, bado hajapatikana. Anakwenda. Kuna korido nyembamba, taa hafifu za rangi ya manjano, milango pande zote, na kamera haikati, inakwenda mbele inarudi nyuma kama dakika tatu hivi tunaangalia tu. Anapiga mtu, mtu anaanguka, halafu yule mtu anainuka tena! Umezoea kwenye filamu ukipigwa mara moja umelala, hapa wote wanainuka, wanapumua kwa shida, na Matt mwenyewe anaegemea ukuta kwa sababu amechoka kweli, unaona mabega yanashuka, halafu anajivuta tena anarudi. Kwenye kibanda cha video watu hushangilia ngumi, lakini hii korido mimi nimeona watu wananyamaza wanaangalia yule mtu anavyotafuta pumzi. Mwisho anamtoa mtoto amembeba.

Na episodi hiyohiyo inatuonyesha alikotoka. Baba yake, Jack Murdock, alikuwa bondia wa kulipwa kidogo, anarudi nyumbani uso umechanika na mtoto ndiye anamshona. Wakubwa wanataka apigwe makusudi ili wao wale pesa za kamari, yeye anakataa, anashinda, anauawa. Hii wakazi wa Naguru na Katwe, mitaa ya ndondi hapa Kampala, hawahitaji kuelezwa. Sisi ni nchi ya ndondi, Ayub Kalule alichukua ubingwa wa dunia wa WBA mwaka 1979, John Mugabi alisimama na Marvin Hagler kule Las Vegas mwaka 1986 mpaka raundi ya 11. Kijana aliyelelewa na bondia anajua mapema kwamba mwili ndio mtaji wa baba, na mtaji huo unapungua kila pambano. Ndiyo maana Matt anapigana vile, anakubali kupigwa kumi ili apige moja, amejifunza kwa baba yake.

Lakini mimi kinachoniuma zaidi si ngumi, ni mama Elena Cardenas. Mama mzee, mpangaji, kodi yake inalindwa na sheria kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kuipandisha anavyotaka. Basi wanaletwa mafundi, eti wanakuja kutengeneza, wanabomoa mabomba na kuta wanaondoka zao, ili akae bila maji mpaka achoke mwenyewe. Anapewa pesa aondoke, anakataa. Anauawa, na anayemuua ni teja aliyelipwa. Jamani, nani hapa hajui mtu wa kibanja, yule anayekaa kwenye kipande cha ardhi ya mwenye ardhi mwingine? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda anayelipa busulu, ile kodi ya ardhi ya kila mwaka, imeandikwa, lakini bado tunaona familia asubuhi ziko barabarani na magodoro na sufuria, kwa sababu kuna njia nyingi za kumchosha mtu bila kugusa sheria. Yule mwandishi wa sirizi hakuwa anatufikiria sisi, na bado mama wa hapa akiiangalia anamtambua Elena mara moja.

Na anayefanya yote haya, Wilson Fisk, Vincent D'Onofrio amemcheza vizuri mno, hatumwoni mpaka mwisho wa episodi ya tatu, watu wake wanaogopa hata kutaja jina lake. Ukimwona, amesimama peke yake anaangalia picha nyeupe ukutani, ana haya, hajui aseme nini kwa mwanamke. Anaupenda mtaa uleule anaoupenda Matt, anaamini kabisa anauokoa, tatizo ni kwamba kwenye mpango wake wenyeji hawamo.

Kuna dada ameuliza hapa kabla hatujaanza, kwamba je, haitufundishi kujichukulia sheria mkononi? Swali zito, maana sisi tunajua sauti ya "mwizi, mwizi" inaishia wapi, matairi na petroli, na mara nyingine aliyekufa hata hakuiba. Dada yangu, sirizi yenyewe inagombana na hilo swali tangu mwanzo, Matt anakwenda kwa padri kuungama kabla hajatoka kupiga mtu. Sizoni ya pili, 2016, wanamleta Frank Castle anayeua wahalifu, anamfunga Matt kwa minyororo juu ya paa na wanabishana usiku mzima, Frank anasema ukiwapiga tu wanarudi. Matt hakubali. Anasema mtu anaweza kubadilika na sisi si wa kuamua nani afe. Mimi niko na Matt, na sioni aibu kusema, kwa sababu umati ukishika mawe hakuna anayesikiliza ushahidi, na kazi ya mchana ya huyu mtu ni ushahidi.

Jambo jingine dogo: ilipotoka, watu wasioona walilalamika kwamba shujaa ni kipofu na wao hawawezi kuifuata, na mwezi uleule Netflix ikaweka sauti inayoelezea kinachoonekana. Kwa hiyo kama nyumbani una ndugu asiyeona, mtafutie hiyo.

Wanaoanza sasa, msianze na Born Again ya 2025 pale Disney+, ule mwendelezo wa sirizi hii. Mle Fisk anachaguliwa kuwa meya, na kama hukumwona alivyomchosha mama Elena, utamwona ni mwanasiasa tu.