Mlima unaotambaa: setilaiti inaona nini, vigingi vinaona nini

Haya karibuni, waliosimama nyuma viti vipo huku mbele. Nianze na Hanang maana hapa Dodoma hakuna asiyeikumbuka, tarehe 3 Desemba 2023, Katesh, tope na mawe vikashuka mlimani na watu zaidi ya 80 wakafariki. Ile ilikuwa kitu cha ghafla, setilaiti inayopita kila siku 12 haikuwahi pale, nisiwadanganye. Leo naongelea poromoko la aina nyingine, linalotambaa taratibu miaka na miaka, watu wanajenga juu yake, wanalima, hawana habari. Kama Bukavu kwa majirani zetu Kongo, kuna eneo linaitwa Funu, watu kibao wanaishi juu ya ardhi inayosogea.

Sasa setilaiti kama Sentinel-1 ya Ulaya haipigi picha kama ya simu. Inatuma wimbi la rada la kama sm 5.6, linagonga ardhi linarudi, siku 12 baadaye inatuma tena kutoka karibu palepale, halafu tunalinganisha mawimbi yaliyorudi. Ardhi ikisogea sm 2.8 kuelekea setilaiti, wimbi linakuwa limepishana mzunguko mzima, maana kwenda na kurudi inakuwa sm 5.6. Ukizipanga picha za miaka kadhaa unafika mpaka milimita kwa mwaka, na data ni bure, kinachokula hela ni bando na kompyuta tu.

Ila ina upofu wake. Inapita kaskazini–kusini huku ikichungulia pembeni, kwa hiyo mteremko unaoelekea kaskazini au kusini inauona kwa shida, unaweza kuandika ripoti mlima umetulia kumbe unatembea. Msitu nao unavuruga, hapo sisi wa huku kwenye ukame na miamba tuna nafuu kuliko wenzetu wa Uluguru. Na kasi ikizidi kama sm 1.4 kati ya picha mbili hesabu inaanza kuchanganya, yaani inakukimbia palepale unapoihitaji!

Ndo hapo unashuka chini. GPS za wapimaji, waya wa kuvuka ufa, bomba la kupimia presha ya maji ardhini, maana maji ndo mchokozi mkuu. Huna hela? Kigingi huku ufa, kigingi kule, tepu na daftari, siriasi kabisa, mwenyekiti wa kitongoji anaweza. Angalia kasi inavyobadilika, sm 1 kila mwezi bila kubadilika unaendelea kupima, ikiwa 1, 2, halafu 5, watu watoke kwanza bajeti baadaye. Bwawa la Vajont, Italia, 1963, mteremko wa juu yake waliupima miaka, mwishoni kasi ikafika kama sm 20 kwa siku, ukaporomokea bwawani, na bado wakafa karibu watu 2,000.

Kuna mtu kaniuliza hapo nje tuanzie wapi. Mi ningeanza na miteremko ya Kondoa na Mpwapwa, setilaiti ya kwanza ya familia ya Sentinel-1 iliruka 2014 na picha za nyuma zimehifadhiwa, kwa hiyo huanzi sifuri. Unachakata, unaweka alama panapoonekana pamesogea, halafu wiki inayofuata mnapanda na vigingi.