Pumzi ya Curtis Mayfield

Ndugu zangu wauguzi, nanyi mnaouguza wagonjwa nyumbani, asanteni kwa kunikaribisha. Leo nataka kumzungumzia mwimbaji wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, kutoka Chicago, Curtis Mayfield, na hasa pumzi yake.

Alianza kuimba utotoni, kanisani kwa bibi yake aliyekuwa mhubiri. Gitaa alijifundisha mwenyewe. Hakuwa na wa kumwonyesha namna ya kukaza nyuzi, basi akazikaza zifuate sauti za vitufe vyeusi vya piano, na mtindo huo akabaki nao. Akiwa na kundi lake, The Impressions, alitoa “Keep On Pushing” mwaka 1964, kisha “People Get Ready” mwaka 1965, na waliodai haki za watu weusi Marekani wakazifanya nyimbo zao. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya juu, laini. Hakufoka. Naamini ulaini ule ndio uliowashika: mtu aliyeshinda akifokewa na polisi, jioni anataka kuzungumzishwa kwa upole.

Tarehe 13 Agosti 1990, kwenye tamasha la uwanjani huko Brooklyn, jijini New York, upepo ulivuma kwa nguvu. Ndiyo kwanza anapanda jukwaani, mtambo wa taa ukamwangukia. Akavunjika shingo, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Alikuwa na miaka 48, na gitaa hakulipiga tena.

Hapa ninyi mtanielewa kuliko wanamuziki. Aliyepooza hivyo, misuli ya mbavu na ya tumbo haimsaidii kupumua. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ndicho kinachobeba kazi. Akiketishwa, tumbo hulegea kwa mbele, kiwambo hushuka nalo, pumzi ikawa fupi. Akilazwa chali, matumbo hukisukuma kiwambo juu, kikapata nafasi ya kuvuta hewa. Mayfield akagundua kwamba akilala anaweza kuimba. Basi akarekodi vivyo hivyo, amelala: mistari michache, anapumzika, anaendelea. Mafundi wakaviunga vipande. Albamu hiyo, New World Order, ilitoka mwaka 1996. Isikilizeni usiku, nyumba ikiwa imetulia.

Je, muziki ulimponya? Shingo haikupona. Kisukari nacho kikamwandama, mwaka 1998 akakatwa mguu, na tarehe 26 Desemba 1999 akafariki akiwa na miaka 57. Kwa hiyo simwambii mtu aache dawa akawashe redio. Ninachosema ni kwamba kwa urefu wa mstari mmoja, yule mtu wa kulishwa na kugeuzwa kitandani alikuwa mwimbaji aliye kazini, na watu wazima wenye ujuzi wao walikuwa wamenyamaza wakimsubiri amalize.

Hili nililiona kwa mama yangu. Kiharusi kilimnyang'anya maneno. Hata maji alishindwa kuomba, akawa ananionyesha kikombe kwa jicho. Asubuhi moja namwosha mgongo, naimba tu wimbo wa kanisani ili mikono isichoke. Nikasahau ubeti wa pili. Mama akauimba, maneno yote, bila kukwama. Nililia huku nimeshika kitambaa chenye sabuni. Tangu siku hiyo nikawa naanzisha ubeti kila asubuhi, nikifika katikati nanyamaza, namwachia yeye.