Bei ya Tope

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nashukuru kualikwa. Sitaeleza mikoko ni nini, maana kila aliyekulia pwani alishajikwaa kwenye mizizi yake akienda kutega.

Nianze na chupa hii. Ipitisheni mkono kwa mkono, mfungue kifuniko, mnuse. Ndiyo, yai viza. Nimelichimba tope hili jana maji yalipokupwa, chini ya mkoko, mkono ukizama mpaka begani. Jeusi tititi, na mkilitazama vizuri mtaona nyuzi za mizizi iliyokufa zamani ambayo bado haijaoza. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, tope halikauki, hewa haipenyi. Jani likianguka, mzizi ukifa, vinazikwa humo, na kaboni yake inazikwa navyo, karne baada ya karne.

Sasa, niliwahi kuketi bandarini na mzee mmoja mkata boriti za mikoko, kazi aliyoianza angali kijana. Nikamwuliza, "Mzee, fito korja bei gani?" Korja ni miti ishirini. Akataja papo hapo. Pau? Akataja. Mazio, boriti, nguzo, zote anazo kichwani. Kila unene una jina na bei yake, na biashara yenyewe ni ya kale: majahazi yalipakia boriti Lamu kupeleka Uarabuni, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Nikamwuliza, "Na tope linalobaki?" Akanikazia macho. "Tope, mwanangu? Tope ananunua nani?"

Jibu hilo nimelibeba kila mkutano ninaokwenda, na leo tena mnalisikia. Mzee simlaumu. Ninaowalaumu ni wasomi wenzangu, wanaokaa kupanga maendeleo ya pwani na kuuhesabu msitu kwa korja, ilhali sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko iko chini, kwenye tope, siyo kwenye mti. Ukifyeka, jua linaingia, hewa inaingia, na kilichozikwa tangu enzi za mababu kinaanza kupaa kuwa hewa ukaa, ile inayoongeza joto duniani. Umepokea bei ya korja, na ghala zima la chini umeliacha wazi.

Nendeni Gazi, kaunti ya Kwale. Miaka ya 1970 msitu ule ulikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani, mahali pengine pakabaki mchanga mtupu. Watafiti na wanakijiji wakaanza kupanda upya mwaka 1991. Tangu 2013, Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza kaboni ya hekta 117 tu, kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka: yaani wanalipwa kwa kuutunza msitu ili hewa hiyo isipae. Fedha zimevuta maji ya bomba na kununua vitabu vya shule. Wanavijiji ndio wanaokutana na kuamua zitumike wapi.

Najua kuna anayesema moyoni, mti ukikatwa si utachipua? Mchu, aina moja ya miti ya msitu huu, huchipua. Lakini ule unaoitwa mkoko wenyewe, ukiukata shina, umekufa. Mwingine atasema tunawauzia matajiri ruhusa ya kuchafua. Hoja hiyo ina uzito na siikimbii: anayenunua kaboni yetu bila kupunguza moshi wake anatuhadaa, na mikataba iseme hivyo waziwazi. Lakini tusifyeke huku tukibishana! Wala sisemi watu wasijenge. Boriti zikatwe kwa kibali, kwa kuchagua miti, siyo kufagia eneo zima.

Naona mwenyekiti ananyoosha kidole kwenye saa. Rufiji nilitaka kuizungumza kwa kirefu, msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Tanzania, unaofyekwa kupanda mpunga. Baada ya miaka michache magugu yanashinda, mkulima anahamia kufyeka pengine. Na Mwache, Mombasa, mikoko ilikufa bila shoka hata moja: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo kutoka mashamba ya juu ukaifukia. Kwa hiyo mkulima wa bara naye yumo kwenye hesabu hii. Kamba, samaki, asali, mawimbi yanayovunjwa kabla hayajafika nyumba zetu, niulizeni kwenye maswali.

Ile chupa imefika wapi? Safu za nyuma hawajaiona. Wapelekeeni.